Somo la 9: Barua ya Mchungaji kwa Gaio

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 3 Yohana, 2 Yohana 7–11, Marko 10:35–45, Luka 9:49–56, Matendo 8:14–17, Mathayo 18:15–17, 1 Petro 5:1–4.

Fungu la Kukariri: 3 Yohana 11. (Likariri kama lilivyo katika Biblia yako.)

Waraka wa Tatu wa Yohana ndio kitabu kifupi kuliko vyote katika Agano Jipya kwa hesabu ya maneno ya Kiyunani. Ulitosha kuandikwa katika karatasi moja ya mafunjo, na mtu anaweza kuusoma wote kabla kwaya haijamaliza kujipanga mbele ya kanisa. Huenda ndiyo sababu wengi huupita haraka wakielekea Yuda na Ufunuo. Hauna unabii. Hauelezi fundisho lolote kwa urefu. Hata jina la Yesu halimo, ila fungu la 7 linataja “Jina” ambalo kwa ajili yake wahubiri walitoka kwenda safari, na kila msomaji wa wakati ule alijua ni jina la nani.

Kilichomo ni watu watatu, kanisa moja lenye jeraha, na mchungaji aliye mbali. Kwa mapokeo ya kale, mchungaji huyo ni mtume Yohana, aliyeishi Efeso katika uzee wake. Yeye mwenyewe hajiiti mtume. Anajiita “Mzee” tu.

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mchungaji mmoja husimamia mtaa wenye makanisa na makundi kadhaa. Sabato nyingi anayesimama mbele si yeye, ni mzee wa kanisa. Mchungaji hupata habari za washiriki wake kwa simu, kwa barua, au kutoka kwa msafiri aliyepita huko. Kwa hiyo hali inayoelezwa katika waraka huu si ngeni kwetu. Juma hili tutausoma kama barua, yaani kama maneno ya mtu mmoja kwa mtu mwingine, wakati jambo la hatari lilikuwa likiendelea kanisani.

JUMAPILI
Afya ya Gaio

Soma 3 Yohana 1–4. Mzee anamwombea Gaio mambo gani, na anatumia kipimo gani?

Gaio lilikuwa jina la kawaida katika Dola la Rumi. Agano Jipya lina Gaio wa Korintho (Warumi 16:23), Gaio wa Derbe (Matendo 20:4) na Gaio wa Makedonia (Matendo 19:29). Huyu wa Yohana tunamjua kwa barua hii tu, nayo haimpi cheo chochote. Haisemi kwamba alikuwa mzee wa kanisa, wala shemasi, wala mhubiri. Inasema anapendwa, na kwamba ana nyumba ambayo mlango wake hufunguka.

Fungu la 2 limehubiriwa sana siku hizi, na mara nyingi limehubiriwa vibaya. Wako wanaolitumia kana kwamba ni hati ya kudai magari na majumba kutoka mbinguni. Lakini barua nyingi za kale zilizofukuliwa huko Misri huanza hivyo hivyo, kwa kumtakia msomaji afya njema, kama vile barua zetu za zamani zilivyoanza kwa salamu nyingi na kuuliza hali. Mzee anaichukua salamu hiyo ya kawaida na kuipindua. Hali ya mwili wa Gaio anaiombea. Hali ya roho yake anaijua tayari kuwa ni njema. Anaomba kwamba mwili ufuate roho.

Sisi huomba kinyume chake. Orodha ya maombi ya Jumatano jioni ina wagonjwa, karo, mvua, safari na usaili wa kazi. Mambo hayo yote yanafaa kuombewa. Ila ni nadra mtu kusimama na kusema, “Niombeeni, roho yangu inadhoofika.” Kama afya ya mwili wako ingelinganishwa leo na afya ya roho yako, ungeweza kutembea hadi kanisani?

Angalia pia furaha ya mchungaji huyu katika fungu la 4. Ripoti ya robo ina mahali pa kuandika waliobatizwa na sadaka zilizokusanywa, na ni vema ijazwe kwa uaminifu. Furaha ya Mzee, hata hivyo, ilitoka kwa wasafiri waliorudi wakisimulia jinsi mtu mmoja alivyowatendea.

Je, msafiri akitoka nyumbani kwako leo, atakuwa na habari gani ya kusimulia juu ya imani yako?

JUMATATU
Mlango Uliofunguliwa

Soma 3 Yohana 5–8. Ni kwa nini Gaio aliwapokea watu asiowajua? Kufanya hivyo kulimfanya mshiriki wa jambo gani?

Nyumba za wageni za siku zile zilikuwa na sifa mbaya: wezi, ulevi na ukahaba. Mkristo aliyesafiri kwa ajili ya Injili alitegemea nyumba za waumini wenzake. Tena wahubiri hawa hawakuchukua chochote kwa watu wasioamini (fungu la 7). Miji ya wakati ule ilikuwa na wanafalsafa na makuhani waliozunguka wakiuza maneno yao, na wajumbe wa Bwana hawakutaka kuhesabiwa pamoja nao. Kwa uamuzi huo walijifungia mlango mmoja. Kama mlango wa Gaio nao ungefungwa, wangelala njiani.

Wakarimu walikuwa na hatari yao pia. Didache, maandishi ya Kikristo ya zamani sana, yanaagiza kwamba mjumbe akae siku moja, au mbili kama kuna haja. Akikaa siku tatu ni nabii wa uongo. Waswahili nao wana la kwao: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yohana mwenyewe, katika Waraka wa Pili (2 Yohana 7–11), anakataza kumkaribisha anayeleta mafundisho yanayomkana Kristo aliyekuja katika mwili. Basi Gaio hakuwa mtu asiyejali anayemwingiza nyumbani. Alitambua ndugu, naye alipowatambua hakuhesabu gharama.

Fungu la 6 linamwomba jambo moja zaidi: awasafirishe kwa namna impasayo Mungu. Neno la Kiyunani linalotumika hapo ni karibu na desturi yetu ya kusindikiza, ila linakwenda mbali zaidi ya kumfikisha mgeni barabarani na kurudi. Linabeba chakula cha njiani, nauli, na mara nyingine mtu wa kumwonyesha njia (linganisha na Tito 3:13).

Injili ilifika Afrika Mashariki kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1906 Arthur Carscallen, Mkanada, na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, walianzisha kazi ya Waadventista Gendia, karibu na Ziwa Victoria. Hakuna kati yao aliyezaliwa pale. Wote wawili walikuwa wageni, nao walihitaji wenyeji.

Mgeni wa leo huenda ni mwinjilisti wa vitabu anayefika Ijumaa jioni na mfuko begani. Huenda ni kijana aliyepangiwa chuo katika mji asioujua, au mama aliyehamia na watoto kwa sababu ya kazi. Anaketi benchi la nyuma. Anaombwa asimame, anajitambulisha, anapokea “Karibu sana” kutoka kwa watu mia moja kwa pamoja. Saa saba watu mia moja wanakwenda kula makwao, naye anabaki akitafuta mahali penye maji ya kunywa.

JUMANNE
Aliyependa Kuwa Mbele

Soma 3 Yohana 9, 10. Orodhesha mambo ambayo Diotrefe aliyafanya. Ni lipi kati ya hayo ni kosa la fundisho?

Hakuna. Tafuta tena, hutaliona. Yohana hakuwa mtu wa kuficha uzushi. Katika nyaraka zake mbili za kwanza anawataja wapotoshaji wazi wazi. Kama Diotrefe angekuwa anafundisha uongo juu ya Kristo, Mzee angelisema. Kwa jinsi barua inavyoonyesha, huyu ni mtu ambaye angejibu maswali yote ya ubatizo bila kukosea.

Shida yake inaelezwa kwa neno moja la Kiyunani ambalo halionekani mahali pengine popote katika Agano Jipya: mtu anayependa kuwa wa mbele. Matunda ya upendo huo yanafuatana kama mtu anayeshuka ngazi. Kwanza hakubali mamlaka ya Mzee. Kisha anamsema kwa maneno mabaya yasiyo na msingi. Maneno hayamtoshi, anawakatalia mlango ndugu wasafiri. Halafu anawazuia wale wanaotaka kuwapokea. Mwisho anawatoa kanisani.

Fikiri juu ya hatua hizo mbili za mwisho. Mtu akifunga mlango wa nyumba yake, hiyo ni choyo, na kanisa linaweza kuishi na mchoyo mmoja. Diotrefe alikwenda kufunga milango ya nyumba za wenzake. Washiriki walioadhibiwa hawakuiba wala kuzini; kosa lao lilikuwa kumpa ndugu chakula.

Huenda alikuwa na sababu iliyosikika vizuri. Kanisa la Yohana lilikuwa limetoka kuumizwa na walimu wa uongo waliokuwa ndani na kuondoka (1 Yohana 2:19). Mtu angeweza kusimama na kusema, “Ndugu, tumechoka kudanganywa. Kuanzia leo hakuna mgeni atakayepokelewa bila idhini yangu.” Wengi wangeitikia “Amina.” Tahadhari ni jambo jema, na Mzee mwenyewe alikuwa ameifundisha. Lakini tahadhari ikikabidhiwa kwa mtu anayependa kiti cha mbele, yeye huifanya kuwa ufunguo, na ufunguo huo huuweka mfukoni mwake.

Barua haisemi lolote juu ya washiriki wengine, nao ndio wanaotia wasiwasi zaidi. Mtu mmoja hawezi kuwatoa watu kanisani kama wote waliobaki hawakunyamaza. Walikuwapo waliojua kwamba maneno juu ya Mzee ni ya uongo. Walikuwapo waliokula pamoja na wale waliofukuzwa. Wakati fulani waliangalia sakafu, na Sabato iliyofuata waliimba kama kawaida katika mabenchi yenye nafasi zaidi.

Kwa sababu ya hatari hiyo Kanisa la Waadventista limeweka utaratibu. Kwa mujibu wa Mwongozo wa Kanisa, mchungaji hawezi kumwondoa mshiriki ushirikani kwa uamuzi wake, wala mzee wa kanisa. Baraza la kanisa nalo linaweza kupendekeza tu. Uamuzi ni wa washiriki, katika mkutano wao ulioitishwa kwa utaratibu, na mhusika ana haki ya kuarifiwa mapema na kusikilizwa. Wako wanaouona utaratibu huo kuwa mrefu na wa kuchosha. Wale waliotolewa na Diotrefe wasingeuona hivyo.

Ni nani katika kanisa lako amenyamaza kwa sababu anamwogopa mtu? Je, mtu huyo anayeogopwa anaweza kuwa wewe?

JUMATANO
Mzee Aliyewahi Kutaka Kiti

Soma Marko 10:35–45, Luka 9:49–56, Matendo 8:14–17. Ni mambo gani yaliyomo katika maisha ya Yohana alipokuwa kijana ambayo yanafanana na ya Diotrefe?

Ukiyasoma mafungu haya baada ya waraka, ni vigumu kutomwona Diotrefe ndani ya Yohana. Yeye na Yakobo walimwendea Yesu kuomba viti, mmoja kuume na mwingine kushoto. Alimzuia mtu aliyetoa pepo kwa jina la Yesu, kwa sababu tu mtu huyo hakuandamana na kundi lao. Na kijiji cha Wasamaria kilipokataa kumpokea Bwana usiku, Yohana alitaka moto ushuke uwateketeze wote, watoto kwa wazee. Kupenda kiti, kuwazuia wengine, kuwaangamiza wasiokubaliana naye: yote matatu aliyajua kutoka ndani. Bwana hakumpa yeye na ndugu yake jina la wana wa ngurumo bila sababu.

Miaka ikapita. Kanisa la Yerusalemu lilipohitaji watu wa kutuma Samaria, lilimtuma Petro pamoja na Yohana. Yule aliyewaombea Wasamaria moto wa kuwaua akaweka mikono juu yao, nao wakapokea Roho Mtakatifu.

Sasa ni mzee, na kuna mtu aliyewakatalia mlango wajumbe wa Bwana, kosa lile lile la kile kijiji. Safari hii ana mamlaka ya kitume mkononi. Anafanya nini? Anaandika barua kwa mshiriki wa kawaida. Anasema kwamba akija atayakumbusha matendo ya Diotrefe, maana yake atayasema mbele ya watu na mbele ya mhusika. Anataja jina na kosa kama lilivyo, haongezi chumvi. Hamwiti mwana wa Ibilisi. Hawaagizi Gaio na rafiki zake waanzishe kundi lao pembeni. Wala hamwambii Gaio anyamaze ili amani idumu. Amani ya namna ile ndiyo iliyokuwa imewatoa watu nje.

Baadhi yetu hudhani kuna njia mbili tu za kushughulika na kiongozi mkorofi: kumvumilia hadi uchaguzi ujao, au kumwangusha. Hesabu ya kura za kamati ya uchaguzi huanza miezi kabla ya mwaka kwisha, chini ya miti na kwenye makundi ya simu. Kumwangusha Diotrefe kwa njia za Diotrefe kunampata Diotrefe mwingine. Mzee anachagua njia ya Mathayo 18:15–17, iliyo ngumu kuliko zote mbili, kwa kuwa inamtaka afunge safari na aketi na mtu aliyemtukana.

Soma 1 Petro 5:1–4. Petro naye anawaandikia wazee akijiita mzee mwenzao. Yeye na Yohana walikuwapo chumbani usiku ule wanafunzi walipobishana nani aliye mkubwa, na Bwana alikuwa ndiye aliyeinama na beseni.

ALHAMISI
Demetrio, na Wino Usiotosha

Soma 3 Yohana 11–15. Demetrio anashuhudiwa na nani? Kwa nini Gaio alihitaji kusikia habari zake?

Yaelekea Demetrio ndiye aliyeichukua barua hii. Yuko mlangoni pa Gaio, vumbi miguuni, na katika mji ule kumpokea mtu wa namna yake kumekuwa na gharama. Barua haisemi kama Gaio aliabudu katika kanisa lile lile la Diotrefe au la jirani, ila alikuwa karibu vya kutosha kujua kilichowapata wengine. Kwa hiyo fungu la 11 si mausia ya jumla juu ya wema na ubaya. Ni ombi kwa mtu aliyesimama nyuma ya mlango wake, mkono juu ya komeo, akijua kwamba akiufungua jina lake laweza kuwa la pili kutolewa. Mzee hamfichi hatari hiyo. Anampa mashahidi watatu juu ya mgeni huyo, yaani watu wote, ile kweli yenyewe, na Mzee, kisha anamwachia Gaio aamue.

Hatuambiwi aliamua nini. Lakini barua imetufikia, na Diotrefe asingeitunza.

Mzee ana mengi zaidi ya kusema, ila hataki kuyaandika kwa wino na kalamu. Anataka uso kwa uso. Alijua kwamba maneno makali juu ya mtu, yakiandikwa, husafiri bila machozi ya aliyeyaandika. Leo hatuhitaji hata mjumbe. Malalamiko juu ya mchungaji au mzee wa kanisa hupigwa kwenye simu usiku, na kufikia asubuhi yamesomwa na watu wa mitaa mitatu. Mzee alikuwa na jambo la kweli la kusema, na bado alisubiri safari.

Salamu ya mwisho inataka kila rafiki asalimiwe kwa jina lake. Katika kanisa ambalo watu wametolewa kama takataka, mchungaji anataka wahesabiwe mmoja mmoja.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Katika kitabu Matendo ya Mitume, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1911, Ellen G. White ana sura juu ya Yohana mpendwa. Humo anamlinganisha Yohana na Yuda: wote wawili walikaa na Bwana yule yule, wote wawili walikuwa na kasoro kubwa za tabia, na mmoja tu alikubali kubadilishwa. Isome ukiwa na Luka 9 mkononi, kisha rudi katika 3 Yohana 10 na uone jinsi mwana wa ngurumo anavyozungumza akiwa mzee.

Maswali ya Kujadili

1. Diotrefe hashutumiwi kwa fundisho lolote la uongo. Je, kanisa lako hupima viongozi wake kwa njia ambayo ingemgundua mtu wa namna hii kabla hajachaguliwa? Ni maswali gani yangeulizwa?

2. Mhubiri mgeni amefika Ijumaa saa kumi na mbili jioni bila barua ya utambulisho. Tumieni 2 Yohana 7–11 na 3 Yohana 5–8 pamoja. Mtafanya nini usiku huo, na mtafanya nini asubuhi ya Sabato?

3. Tuseme mshiriki aliondolewa ushirikani miaka kadhaa iliyopita kwa njia isiyo ya haki, na wengi wa waliokuwapo wanajua hivyo. Aliyeongoza jambo lile amekwisha kufariki. Kanisa lina wajibu gani kwa mtu yule sasa, na ni nani atakayekwenda kumgongea mlango?

4. Watajeni kwa majina washiriki watatu ambao hawajaonekana Sabato tatu mfululizo. Kama darasa halikumbuki majina yao, anzeni hapo.